Mkono Niliousingizia

Jumapili, 3 Aprili 1966. Pate.

Daftari hili nimepewa na Edah, nesi wa hospitali ya Lamu, aliyekuja kisiwani pamoja na daktari wiki iliyopita kupima wazee. Ameniagiza niandike kila siku jinsi mkono wangu wa kulia unavyojisikia, ili daktari aamue kama ataupasua au atauacha. "Andika mkono peke yake, Mwalimu," alisema. "Usituandikie historia ya Pate." Nimefundisha miaka thelathini na moja na sijapata kupewa kazi ya nyumbani na binti wa miaka ishirini na tano. Nimeipokea.

Basi, mkono. Kidole gumba, cha shahada na cha kati vimekufa ganzi. Cha pete kimekufa upande mmoja. Cha mwisho ni kizima, na kinajivuna. Kila alfajiri naamka kiganja kinawaka, nakikung'uta hewani mpaka kitulie. Kikombe kinaniponyoka. Vifungo vya kanzu ananifunga mke wangu, Bi Mwanamkisi, naye hafungi bila maneno.

Moyo haukuulizwa, lakini nitauandika. Daktari Patroba aliusikiliza kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda, akasema umechoka. Nilipomwuliza umebakiza nini, akasema nikiiona Ramadhani nishukuru.

Tumetoka kusali Idi. Msikitini watu walipeana mikono kama kawaida, na Mohdhar fundi akaja mbele yangu akanyosha wake, kama anavyofanya kila Idi. Nami nikaweka wangu kifuani nikamwambia, kama ninavyomwambia kila Idi, "Niwie radhi, mkono mgonjwa."

Mwaka huu ilikuwa kweli. Miaka kumi na mitano kabla ya huu, nilikuwa nasema uongo.

Jumanne, 5 Aprili.

Mkono: vilevile. Mvua ya kwanza.

Ijumaa, 8 Aprili.

Mkono: nimeangusha birika. Bi Mwanamkisi ameniuliza kama nina ugomvi na vyombo vyake.

Msikitini nilikaa safu ya mbele ili nisitazamane na Mohdhar. Alikuja kukaa safu ya mbele.

Jumatano, 13 Aprili.

Mvua tangu jana. Hakuna wa kuja barazani, kwa hiyo nitaandika.

Mwaka 1950 nilijenga upya ukumbi wa nyumba yangu nikataka mlango wa nakshi. Wakati huo, mtu wa visiwa hivi akitaka mlango wa kumtia jirani wivu alimwendea Mohdhar. Alikuwa akichonga maua ambayo mtu akiyatazama sana aliona yanatikisika. Alikuja na mbao za msaji, akaanza kupima nafasi ya ukutani kwa mkono wake, kutoka kisukusuku mpaka ncha ya kidole, kama alivyopima baba yake. Alikuwa ameshapima upana nilipofika kutoka shule. Nikamsimamisha. Nilimwambia, mbele ya watu, kwamba zama za kupima kwa mikono zimepita, na kwamba mkono wa mtu huyu si sawa na wa yule, ila inchi ni inchi dunia nzima. Nikatoa mfukoni rula yangu ya futi moja, nikapanda kigoda, nikapima urefu mwenyewe. Rula iliingia mara nane kamili. Nikaandika: futi nane.

Mohdhar alitazama ukuta, akanitazama mimi, akasema, "Wewe ndiwe mwalimu."

Alichonga miezi mitano. Siku ya kuuweka mlango, mji mzima ulikuja. Ukazidi urefu. Ukazidi kwa inchi nane, karibu shibiri nzima. Ukuta ule ulibeba dari, haungeweza kuvunjwa, kwa hiyo Mohdhar akachukua msumeno akaukata mlango wake chini, na msumeno ukapita katikati ya safu nzima ya maua. Mpaka leo mlango wangu una nusu za maua zinazochipuka sakafuni. Watu walipouliza imekuwaje, nilisema fundi amekosea kipimo. Upana ulikaa sawasawa, na hakuna aliyelitilia maanani jambo hilo ila mimi.

Wiki moja baadaye nilikuwa darasani napiga mstari ubaoni, nikaiona rula yangu. Ncha yake ilianzia kwenye namba moja. Inchi ya kwanza haikuwepo. Ndipo nikakumbuka kwamba miaka mingi nyuma ilivunjikia kiganjani mwa mwanafunzi niliyekuwa nikimchapa, nami nikaipiga msasa ikawa nzuri, nikaisahau. Rula ya futi moja ilikuwa na inchi kumi na moja.

Niliitia sandukuni chini ya nguo za msimu. Bado imo.

Mohdhar akaitwa Nusu Ua. Jina lilipata miguu, likavuka mpaka kisiwa cha Ndau. Hakuna aliyemwagiza mlango tena. Fundi yule, ambaye maua yake yalitikisika, anachonga mbuzi za kukunia nazi. Idi iliyofuata alikuja kunipa mkono, na mimi sikuweza kuushika mkono ule. Nilisingizia maradhi, na maradhi yamenisikia.

Haki ya Mungu naweza kuiombea msamaha kitandani mwangu. Haki ya Mohdhar iko kwa Mohdhar, na kwake ni hatua arobaini kutoka hapa. Nimezihesabu.

Mkono: umechoka kuandika.

Alhamisi, 21 Aprili.

Barua ya hospitali. Nitapasuliwa Jumatatu, 9 Mei. Bi Mwanamkisi haafiki. Anasema mzee aliyeambiwa moyo wake umechoka hana haja ya kukarabati mkono. Ni sawa na kupaka chokaa nyumba inayobomoka. Nilimjibu kwamba daktari amesema moyo hawezi kuufanyia kitu, mkono anaweza, na ganzi itatiwa mkononi tu. Akasema mkono wenyewe umejaa ganzi, kwa nini kuiongeza.

Sikumwambia sababu yangu ya kweli. Nikipata mkono mzima, sitakuwa tena na kisingizio. Nimeogopa kumwendea Mohdhar kwa hiari, basi na niende kwa kukosa pa kukimbilia.

Jumamosi, 23 Aprili.

Mvua. Mkono unauma. Nimefika hatua ya kumi na mbili, nikarudi.

Ijumaa, 29 Aprili.

Nimefika hatua ya thelathini na moja. Mohdhar alikuwa barazani kwake anachonga, akaangusha patasi. Akaiokota, ikamponyoka tena. Halafu akatazama huku na huku kama mwizi, akaukung'uta mkono wake wa kulia hewani. Naujua ukung'utaji ule. Alipogeuka akaniona, akauficha mkono chini ya kikoi.

"Unatafuta kitu, Mwalimu?"

Nikasema natafuta paka wetu. Hatuna paka.

Jumamosi, 7 Mei. Lamu.

Nimefika, si kwa wema wa mtu. Nilitoka Pate juu ya punda, Bi Mwanamkisi akitembea pembeni na mwavuli, akimfunika punda kuliko mimi. Bandarini Mtangawanda tulikuta maji hayajajaa, tukangoja saa tatu mvuani. Nahodha alipotuita, nani aliyekuwa ameshakaa chomboni juu ya mafurushi? Mohdhar, na mbuzi zake za nazi ishirini, zote zikinielekezea meno. Nafasi iliyobaki ilikuwa mbele yake.

Alisema anakwenda Lamu kuuza. Nilisema nakwenda Lamu kutembea. Bi Mwanamkisi alisema wazee wawili wanaosafiri kwa mvua hii, mmoja kutembea na mmoja kuuza mbuzi, wote wanafaa kupimwa kitwa. 

Jumapili, 8 Mei.

Daktari Patroba ni mtu wa bara, mrefu, mpole. Alinigonga kwa kidole katikati ya kifundo cha mkono, na cheche ikaruka mpaka ncha ya kidole cha kati. Akafurahi sana. Akanikunjisha viganja kwa dakika moja, vidole vikafa. Akafurahi zaidi. Akanionyesha chini ya gumba, nyama ilipokwisha ikaacha shimo.

Nilimtaka anieleze kama msomi. Akasema mshipa wa fahamu unaokwenda vidoleni hupita kifundoni kwenye mlango mwembamba. Sakafu na kuta ni mifupa, na juu kuna utepe mgumu kama kizingiti. Uzeeni kizingiti hunenepa, mlango unakuwa mdogo kuliko kinachopita, na mshipa unabanwa. Yeye atakikata kizingiti, basi.

Nilimwuliza kama amepima vizuri. Akacheka. Sikuwa natania.

Edah amelichukua daftari kulisoma, maana ndiyo kazi aliyonipa. Nililitoa kwa mikono miwili, kama mwanafunzi mwema. Alikuwa ameshafika mwisho wa ukumbi nilipokumbuka nimeandika nini ndani.

Jumatatu, 9 Mei. Asubuhi.

Edah amerudisha daftari. "Mzee," amesema, "hii mimi nimesoma yote. Nimetafuta mkono, nimekuta mlango." Nikamwomba asimwambie mtu. Akasema yeye si redio. Lakini alinitazama kama mimi nilivyokuwa nikiwatazama watoto waliosema daftari limeliwa na mbuzi.

Jumanne, 10 Mei.

Naandika kwa kushoto. Herufi zinalala. Nimepasuliwa. Sikuumwa, ila sindano. Daktari alizungumzia mpira wa miguu muda wote. Mimi nilisoma Yasini mara mbili na nusu.

Jumatano, 11 Mei.

Mkono unaning'inizwa kwenye mti uliosimamishwa kando ya kitanda, juu ya moyo, usivimbe. Kitanda cha pili kilikuwa kitupu. Adhuhuri Edah amemleta mgonjwa mpya, mkono wa kulia umefungwa bendeji, akamlaza pale, akauning'iniza mkono wake. Ni Mohdhar. Vitanda vitupu vilikuwa vinne.

Hakuuza mbuzi hata moja.

Jumapili, 15 Mei.

Ukurasa huu nimeuandika siku tatu, kwa mkono wa kushoto, maana sitaki mtu mwingine auandike.

Tulilala siku nzima ile, mimi na Mohdhar, mikono yetu juu, kama wanafunzi wawili wanaotaka ruhusa ya kutoka, na darasa halina mwalimu. Magharibi ikaletwa sahani ya wali na samaki. Sahani moja. Edah akaiweka kwenye kigoda katikati yetu, akasema sahani zimepungua.

Hapo pakawa na shida. Kulia kumefungwa, na hakuna kati yetu atakayekula kwa mkono wa kushoto mbele ya mwenziwe. Bi Mwanamkisi alikuwa amekwenda kwa jamaa zake kulala. Tukautazama wali. Wali ukapoa. Edah aliporudi akakuta haujaguswa, akasema yeye ametoka kwao mbali kuja kutibu watu, hakuja kuzika wazee wawili waliokufa njaa kwa adabu. Akatwaa kijiko, akavuta kigoda, akaanza kutulisha, mimi kijiko, Mohdhar kijiko, kama makinda.

Kwenye kijiko cha sita au cha saba akasimama. Kijiko kilikuwa njiani kuja kwangu.

"Mwalimu," alisema, "ile kazi yako ya nyumbani haijakwisha." Akaurudisha wali sahanini. Akaondoka na kijiko.

Miaka yote hii nilidhani siku ikifika mkono utanifanyia kazi. Nitanyosha, atashika, na yaliyobaki yatajulikana bila kutajwa. Na sasa mikono miwili iliyohusika ilikuwa imening'inizwa mitini. Palikuwa na kinywa tu, nacho kilikuwa na wali.

Nikameza. Nikamwambia Mohdhar habari ya rula. Nilimwambia yote, inchi iliyovunjika, kiganja cha mtoto, msasa, sanduku, na kwamba nilijua tangu wiki ya kwanza na nikaliacha jina lile litembee. Nikamwambia maradhi yangu ya mkono yalikuwa uongo. Nikamwambia nakufa, sitaki kumkuta mbele ya Mungu nikiwa na haki yake mkononi.

Nilisikia mvua kwenye bati. Nikadhani amelala, na kwamba itanibidi kurudia.

"Nilikuwa nikiyua," akasema.

Nikamwuliza alikuwa akijua lipi.

"Yote. Upana niliupima mimi. Mlango wa upana ule hauwi futi nane, mato yangu yaliniambia siku ileile. Ningeweza kukwambia. Lakini ulikuwa umesimama juu ya kigoda unatufundisha inchi, nikasema, na tumwate mwalimu na inchi zake. Natuone siku ya kuuweka atasema nini."

"Ukachonga miezi mitano ukijua?"

"Nikachonga nikicheka. Nilitaraji utaona haya, utasema, Mohdhar, nimekosea. Wewe ukasema fundi ndiye aliyekosea. Kicheko kikanikauka."

Nikamwuliza kwa nini basi hakusema ukweli mbele ya watu.

"Ningesema nini? Kwamba niliharibu mbao za msaji za mtu kwa kusudi? Asiyeyua kupima huitwa Nusu Ua. Anayeharibu kwa kusudi huitwaye?"

Halafu akasema kila Idi alipokuwa akinipa mkono alikuwa akingoja niupokee nimwambie, naye apate kuniambia lake. Na maradhi yangu hakuyaamini hata siku moja.

"Mkono mgonjwa, Mwalimu, na mpaka ulipostaafu watoto walikuwa wakirudi nyumbani wamevimba viganja."

Nilicheka mpaka mti wa bendeji ukatikisika. Yeye akacheka, akaanza kukohoa, na hatukuwa na mkono wa kumpa maji. Edah alikuja mbio. Alikuwa na kile kijiko, nadhani alikuwa amesimama nyuma ya mlango nacho muda wote.

Kabla ya kulala nikamwuliza mkono wake uliharibika lini. Akasema mwaka wa nne sasa. Hakumwambia mtu, maana fundi mwenye jina bovu akiongeza na mkono mbovu hata mbuzi za nazi hazinunuliwi. Huko chomboni alikuwa anakuja kupasuliwa. Mbuzi zilikuwa kisingizio.

"Una radhi yangu," akasema gizani. "Lakini mji hauna habari."

Jumatatu, 23 Mei.

Nyuzi zimetolewa. Daktari amesema vidole vitarudi polepole, vingine havitarudi vyote. Moyo hakuusikiliza mara ya pili, nami sikumkumbusha. Edah alilichukua tena daftari jana, leo amenirudishia. Mwishoni, kwa wino mwekundu, ameandika: Vizuri. Rekebisha kwenu.

Ijumaa, 27 Mei. Pate.

Nimefungua sanduku. Bi Mwanamkisi alipoiona rula akasema, "Kumbe utaitoa." Nikamwuliza anaijua tangu lini. Akasema tangu alipokunja zile nguo za msimu mara ya kwanza, mwaka wa hamsini na mbili, na kwamba anajua kuhesabu mpaka kumi na mbili, ila alitaka kuona mimi nitafika lini.

Miguu imevimba, nimesaidiwa kwenda msikitini. Baada ya sala nikaomba wasiondoke. Nikainua rula. Nikawaambia waihesabu. Nikawaambia kipimo cha mlango wangu kilikuwa changu na kosa lilikuwa langu, na kwamba fundi alichonga kwa usahihi nilichomwandikia. Habari ya kusudi lake sikuitaja. Hiyo ni yake, aitoe akitaka.

Rula ilipita mkono kwa mkono mpaka ikafika safu ya nyuma, kwa wanaume ambao niliwafundisha. Mmoja akaigeuza, akaitazama ncha yake, akasema kwa sauti ya mtu aliyeumia, "Hii ndiyo niliyochapwa." Msikiti ulicheka. Tayari njiani nimesikia mtu akiniita Mwalimu Kumi na Moja. Najua litavuka mpaka Ndau.

Mohdhar akaja mbele yangu akanyosha mkono. Kovu lake na langu yanafanana. Daktari ametukataza kufinya kitu kwa wiki sita. Mzee mbaya yule akafinya. Niliumia kidole cha mwisho, na hata gumba na cha shahada, kwa mbali, kama mtu anayeitwa kutoka chumba cha tatu. Sikuuvuta.

Jumatano, 1 Juni.

Mkono: unauma, lakini unauma mpaka ncha.

Mohdhar amekuja. Anataka kuchonga ubao mpya wa chini, wenye nusu za maua zilizopotea, na kuuchimbia kizingiti sakafuni upate kukaa. Nilimwuliza utamchukua muda gani. Akasema kwa mkono huu, mpaka Ramadhani. Nikamwambia afanye haraka kidogo. Akanitazama miguu, akasema kazi nzuri haiharakishwi, itanibidi nimngoje.

Akapima kwa mkono wake, kutoka kisukusuku mpaka ncha ya kidole, nami nikamshikia kamba upande wa pili. Akanitajia kipimo.

Nimekiandika alivyosema. Sikupima tena.